Shamba la Bwana Kofia

Zachariah Wanyoike alikuwa mchora ramani, na ukitaka kumjua mchora ramani usimtazame usoni, mtazame kidole cha kati. Chake kilikuwa na sugu nyeusi pale kalamu ilipolalia kwa miaka kumi na saba, na wino ulikuwa umeingia ndani hata sabuni ya kipande haikuutoa. Alikuja Eldoret kutoka Murang'a mwaka wa 1968, kijana mwembamba mwenye cheti cha ufundi na sanduku la mbao, akaajiriwa na mpimaji wa ardhi aliyekuwa na ofisi juu ya duka la vitambaa. Mpimaji alikwenda mashambani na vyombo vyake. Zachariah alibaki ofisini, na vipimo vilipomfikia kama tarakimu ndani ya daftari, yeye alizigeuza kuwa mito, vilima na mipaka.

Ilikuwa miaka ya watu kununua mashamba ya wazungu. Walichanga katika kampuni, shea moja moja, kampuni ikanunua shamba, mpimaji akalikata vipande. Siku ya kugawana ilipofika wanachama walikusanyika uwanjani, ramani ikatundikwa kwenye ukuta wa ghala, na karatasi zenye namba zikakunjwa na kutiwa ndani ya debe. Kila mtu alipita akavuta yake. Ulichovuta ndicho chako. Wazee waliitemea mikono mate kabla ya kuitumbukiza, wanawake walipiga vigelegele, na hakuna aliyelilaumu debe, kwa sababu debe halina ukoo wala rafiki.

Kulikuwa pia na mchezo, nao ulimfikia kwa njia isiyotarajiwa. Mwalimu mmoja mzungu wa kujitolea, aliyekuwa akifundisha hesabu pale mjini, alipanda ngazi siku moja kuomba karatasi kubwa. Zachariah akamuuliza ni za nini. Mwalimu akaeleza: mtu mmoja huchora nchi isiyokuwapo na kuzitunza siri zake, wenzake hukaa mezani wakawa wasafiri ndani yake, kila mmoja aseme anafanya nini, na mambo ya bahati huamuliwa na dadu.

"Na nani anashinda?" Zachariah akauliza.

"Hakuna anayeshinda. Watu wanafika, ama hawafiki."

Zachariah alicheka, lakini neno lile lilimkaa kichwani wiki nzima. Mwalimu alipoondoka mwaka wa 1980 alimwachia dadu zake, nazo zikapotea moja moja kama meno ya mtoto. Basi Zachariah akafanya alichokijua. Akachukua mkebe wa mafuta ya kupikia, akakata karatasi ishirini, akaandika namba, akazikunja. Msafiri akitaka kuruka mto ama kumshawishi mlinzi, aliingiza mkono kwenye mkebe.

Walicheza Jumapili baada ya kanisa, katika nyumba yake ya mbao kule Langas. Wachezaji walikuwa wawili: Ondiek, karani wa reli, mtu wa kutoka ziwani mwenye sauti ya kunadi ng'ombe, na Maximilla, muuguzi wa hospitali, aliyependa kuwa jambazi kwa sababu wiki nzima alikuwa mtu mwema. Mwihaki, mke wa Zachariah, aliwapikia chai akiwacheka. Binti yao mdogo, Nduta, alilala chini ya meza.

Kuna wanaodhani kutunga mahali ni kutunga maajabu. Zachariah hakuwa na maajabu mengi. Kwa miaka yote alitunga joka moja tu, nalo lilikuwa zee lenye maumivu ya meno. Kabla ya kuchora mahali popote alijiuliza: hapa watu huteka maji wapi? Nani amegombana na nani? Na yule aliyeondoka, aliacha nini juu ya meza? Majibu yakishapatikana ndipo alipojaza kalamu. Kila mtu aliyekutwa njiani alikuwa na haja yake. Mlinda daraja mmoja hakutaka dhahabu. Alitaka kusomewa barua ya binti yake, na hakutaka kukiri kwamba hajui kusoma. Ondiek alikwama kwenye daraja hilo Jumapili tatu, akimtolea upanga mtu mwenye barua mfukoni.

Na kila ramani aliitia alama yake. Mshale wa kuonyesha kaskazini aliuchora na mkia uliogawanyika, kama mbayuwayu anayepaa. Ofisini waliuita ndege wa Wanyoike. Mpimaji aliukubali kwa sababu ulikuwa mzuri, ukawa kwenye kila karatasi iliyotoka pale.

Jambo moja tu liliwaudhi wachezaji. Zachariah hakuficha hatari. Palipokuwa na kinamasi alikichora, vishungi vya nyasi kimoja kimoja. Palipokuwa na shimo, alilitia kivuli.

"Omera, ndugu yangu, si utufiche kitu kidogo tu?" Ondiek alilalamika. "Mchezo iko wapi sasa?"

"Mtu akizama kwa kutosikia, shauri yake. Lakini asizame kwa sababu kalamu ilinyamaza."

Alilisema hilo bila kucheka, nao wakaona ni tabia ya kazi yake. Mwihaki peke yake ndiye aliyejua lilikotoka.

Lilitoka mwaka wa 1979. Kampuni moja ilikuwa imenunua shamba ng'ambo ya Turbo, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu kutoka sokoni, na chini ya kilima, pale mto unapopinda mara tatu, palikuwa na kinamasi. Daftari la mpimaji lilionyesha hivyo waziwazi. Lakini mwenyekiti wa kampuni, ambaye pia alikuwa mtu mkubwa wa chama tawala, alikwisha kuahidi ploti nyingi kuliko ardhi iliyokauka. Alikuja ofisini, akanywa chai, akaondoka. Mpimaji akasimama nyuma ya kiti cha Zachariah.

"Hizo nyasi, wacha," akasema.

Zachariah alikuwa na mtoto mchanga nyumbani. Akaziacha. Ploti saba, kuanzia namba thelathini mpaka thelathini na sita, zikatoka nyeupe na safi kama shuka la harusi. Siku ya kura alitumwa kuitundika ramani, akaitundika, kisha akajificha nyuma ya lori. Kutoka pale alimwona mama mmoja mwenye kitambaa cha buluu akitemea kiganja, akivuta, akiinua karatasi juu na kupiga vigelegele mpaka sauti ikakatika. Ilikuwa thelathini na moja. Mwenyekiti alimwonyesha kwa fimbo mahali pake ukutani. Mama akaugusa mstari kwa kidole, akarudi nyuma, akakaa chini na kuitazama ramani ile mpaka watu wakaanza kutawanyika.

Jioni hiyo Zachariah alibeba nyumbani nakala moja iliyoharibika, yenye vilima na mto bila mipaka. Alitaka kuichoma. Akaiviringisha akaiweka juu ya kabati.

Miaka mitatu baadaye, akiwa dirishani, alimwona mama yule kwenye bomba la maji mbele ya nyumba yake ya Langas. Alikuwa amepanga chumba nyuma ya nyumba yao. Jina lake Wamucii, lakini kila mtu alimwita Mama Macharia. Alimsimulia Mwihaki habari zake pale pale, ndoo ikijaa: kwamba alijenga mara mbili na maji yakaingia mara mbili, kwamba ng'ombe wake alizama mpaka shingoni akafa akimwangalia, kwamba mwanawe Macharia alichoka akafuata malori ya mbao na hajasikika tena.

"Lakini Mungu ndiye alinipea hiyo namba," alisema. "Debe haikunikosea."

Zachariah alikuwa ndani akiyasikia yote. Hakutoka. Tangu siku hiyo unga ulipopatikana, alimtuma Mwihaki ampelekee mama kibakuli, na walipokutana njiani alimwamkua kwa heshima na kupita haraka. Alijitia hamnazo, na kujitia hamnazo ni kazi nzito kuliko kubeba mawe, sema tu hailipwi.

Mwaka wa 1984 mvua ilikataa. Watu walipanga foleni kununua mahindi ya manjano na kuyalaumu kwa rangi yake. Ndipo Zachariah alipotunga safari yake bora kuliko zote. Aliiita Shamba la Bwana Kofia. Lilikuwa shamba la mzungu aliyeondoka asubuhi moja bila kufunga milango, kofia yake ikabaki kwenye msumari, chai mezani. Ndani yake palikuwa na kinu cha maji, miti ya plamu, na ploti arobaini zilizokwisha kukatwa ambazo hakuna aliyezikalia. Wasafiri walitakiwa kugundua kwa nini.

Aliichora juu ya ile nakala ya zamani. Alijiambia karatasi ni haba, ingawa hazikuwa haba kiasi hicho. Kilima akakiacha kilipokuwa, kimelala kama ng'ombe anayecheua. Mto akauacha na mapindo yake matatu. Na pale chini, palipokuwa na kinamasi cha kweli, akachora udongo mwekundu, miti ya plamu na ploti namba kumi na mbili. Kwa mara ya kwanza mtu yule alichora alichokitaka badala ya kilichokuwapo, na moyo wake ulitulia kuliko ulivyotulia kwa miaka mitano.

Wamucii alikuwa akija Jumapili kuota jua kwenye kizingiti chao, akisuka kiondo. Aliwaona wakiinamia ramani yenye ploti zenye namba. Aliwaona wakiingiza mikono kwenye mkebe na kufungua vikaratasi. Jumapili ya tatu akaweka kiondo chini, akapangusa viganja kwenye leso.

"Baba Nduta," akasema, "na mimi mama mzee, naweza vuta?"

Ondiek akapiga meza kwa furaha. "Kuja, mama, kuja ukae! Leo tumepata mwenyeji wa kweli!"

Zachariah aliufunika mkebe kwa kiganja. "Wiki ijayo, Mama Macharia," akasema. "Leo mkebe umefungwa."

Jumamosi alikata karatasi ishirini mpya, akaandika juu ya kila moja kumi na mbili, akazikunja. Jumapili Wamucii alikuja amevaa kitambaa cha buluu kilichofuliwa. Alitemea kiganja, akaingiza mkono, akavuta. Maximilla akamsomea. Zachariah akamwonyesha pahali pake, na yule mama akaugusa mstari kwa kidole.

"Hii yangu iko na maji?"

"Mto uko karibu. Hatua mia mbili hivi."

"Si maji ya kunywa nauliza. Nauliza maji ya chini. Nikichimba shimo ya choo, maji inakuja?"

Ondiek na Maximilla waliangua kicheko. Walidhani hawajawahi kumpata mchezaji hodari kama huyu. Zachariah hakucheka.

"Haiji," akasema. "Ni udongo mwekundu mpaka chini. Naapa, mama, haiji."

Jumapili zote zilizofuata Wamucii alikuwa mezani. Hakujali hazina wala kofia ya mzungu. Aliuliza upepo unatoka upande gani, jirani wa juu ni watu wa aina gani, kama plamu zinaliwa na ndege. Zachariah alimjibu yote, na kila jibu lilikuwa kamili kwa sababu alilala akiliwaza. Akamchorea banda la kuku. Akaweka mlango wa jikoni ukitazama mawio ya jua kama alivyoagiza mwenyewe. Siku ya Krismasi alimpa zawadi: kipande cha ile ramani, kimenakiliwa kwenye karatasi nyororo, jina lake ndani ya ploti na ndege wa kaskazini juu. Wamucii alikikunja mara nne, akakitia kwenye mfuko wa plastiki, akakiweka kifuani.

Usiku huo Mwihaki alimwambia mumewe, "Huyo mama hachezi."

"Anacheza kumshinda Ondiek."

"Zakaria. Hachezi. Jana ameniuliza kama huko kuna shule, ndio Macharia akirudi na watoto wasitembee mbali."

Zachariah alipunguza utambi wa taa. Kisha akasema atamwambia Jumapili. Jumapili ikafika, mama akaja na ndizi tatu za kuwagawia wenzake, na Zachariah hakumwambia. Na mimi sitamtetea hapa. Alijua. Labda si kwa kichwa, lakini alijua kwa pale tumboni ambapo mtu hujua mambo asiyotaka kuambiwa. Ila mara moja kwa wiki alikuwa akimwona mama yule, aliyemtia yeye mwenyewe kwenye matope, ameketi mahali pakavu, akicheka, na hakuwa na nguvu ya kumwondoa pale.

"Tunahama lini, Baba Nduta?" Wamucii akauliza siku moja.

"Mvua ikishika," Zachariah akasema, kwa sababu katika mchezo daraja la Bwana Kofia lilifunguliwa mvua ikishika.

Mvua ilishika mwisho wa Machi, 1985, baada ya mwaka mzima wa vumbi, na mji wote ukatoka nje kunyeshewa. Jumapili iliyofuata kiti cha Wamucii kilikuwa kitupu. Zachariah alikwenda nyuma ya nyumba akamkuta mwenye nyumba akifagia chumba.

"Amehama," mwenye nyumba akasema. "Ameenda shamba yake tangu Jumanne. Kuku ameachia Nduta."

Zachariah alirudi mezani akamwuliza Ondiek lori la kwenda Turbo huondoka saa ngapi.

Kesho yake yeye na Ondiek walifika Turbo kwa lori la mbolea. Muuza viazi pale sokoni alimkumbuka mama mzee mwenye jembe begani na kifuko cha mbegu za viazi. Alikuwa akiuliza kuna kilima gani kilicholala kama ng'ombe, na mto uliopinda mara tatu chini yake.

"Tukamwonyesha," akasema muuza viazi. "Si hiyo kila mtu anaijua?"

Ramani ilikuwa imefanya kazi yake. Ilikuwa ramani nzuri.

Walimkuta chini ya kilima, kwenye ukingo wa kinamasi, amejikinga kwa magunia mawili yaliyofungwa kwenye vijiti. Alikuwa ameloa na kifua kilikuwa kikimpiga. Mbele yake palikuwa na matuta manne yaliyonyooka kama mistari ya daftari, yamekwisha kumezwa na maji, na jembe limesimama katikati peke yake. Alimwona Zachariah, akajifunga leso vizuri kama mtu aliyetembelewa na mgeni.

"Baba Nduta, umekuja kunionyesha bikoni za mpaka," akasema. "Nimetafuta plamu sijaona. Nikaona nguzo za nyumba yangu ya kwanza. Nikasema nimepotea njia, lazima kuna kilima ingine kama hii. Nimezunguka siku tatu, kila saa narudi hapa."

Zachariah alipiga magoti kwenye tope.

"Mama, hakuna shamba. Ulikuwa mchezo."

"Mchezo," Wamucii akasema, polepole, kama anayeonja chumvi. Akatoa mfuko wa plastiki kifuani, akaikunjua karatasi kwa uangalifu isiloe. "Na huyu ndege? Mimi sijui kusoma. Siku ya kura niliangalia huyu ndege siku mzima, ndio nisisahau ukuta yenye shamba yangu iko. Halafu nikamwona kwa karatasi yako. Nikasema hii si maneno ya watoto, hii imetoka kwa kampuni, hii ni ya ukweli."

"Ndege ni wangu," Zachariah akasema.

"Zote mbili?"

"Zote mbili."

"Na maji? Ile ya kwanza. Ulijua?"

"Nilijua."

Hakulia wala hakumlaani. Ingekuwa afadhali. Aligeuka akamwomba Ondiek amtolee jembe lake kwenye matope, kwa sababu ni jembe zuri, na Ondiek akakunja suruali, akaingia maji ya magoti.

Ilikuwa nimonia. Maximilla alimpatia kitanda hospitalini karibu na dirisha na kumhudumia kama mamake mzazi. Zachariah alikwenda kila siku akitoka kazini, akaketi. Siku sita mama hakumsemesha. Alikula uji aliomletea akatazama ukuta. Siku ya saba akafumbua macho.

"Ile ya mchezo ulichora vizuri," akasema. "Mlango ya jikoni uliweka vile nilitaka. Nilikuwa nalala huko kila siku."

"Nisamehe, mama."

"Namba thelathini na mbili ni ya Kiarie. Ako na watoto watano. Bado anangoja kiangazi, anafikiri ni mvua tu." Alipumzika, kifua kikakoroma. "Title ya shamba bado haijatoka. Chora hiyo maji."

Hakusema amemsamehe. Alikufa siku ya tisa, saa nne ya asubuhi.

Akina mama wa kanisa lake walikataa azikwe kwenye makaburi ya mji. Mtu mwenye ardhi huzikwa kwenye ardhi yake, wakasema, na Wamucii alikuwa na namba yake. Lori likapatikana, jeneza likapelekwa ng'ambo ya Turbo. Wanaume wanne walichimba. Shimo lilipofika magotini maji yakaanza kuingia, lilipofika kiunoni likawa kisima. Wakachimba pengine, juu kidogo, ikawa vile vile. Kiarie, jirani wa namba thelathini na mbili, alisimama akitazama lile shimo likijaa wakati mbingu ilikuwa kavu, na Zachariah akamwona akielewa. Mwishowe walilifunga jeneza tena kwenye lori wakalirudisha mjini. Alizikwa makaburi ya mji mchana ule, safu ya mwisho karibu na ua.

Jumatatu Zachariah alifungua droo ya chini ofisini, akaitoa ramani ya asili ya 1979, akaibana mezani kwa pini nne. Akachora nyasi. Alianza ploti ya thelathini akaenda mpaka ya thelathini na sita, kishungi kimoja kimoja, bila haraka, na kwenye thelathini na moja alichora mpaka karatasi ikawa karibu nyeusi. Pembeni akaandika jina lake na tarehe. Hakuna aliyekagua kazi ya Wanyoike tangu zamani, basi karatasi ikaenda ofisi ya ardhi pamoja na nyingine, ikakaa huko majuma matatu kabla mwenyekiti hajaisikia.

Niseme kwanza yaliyofuata, kisha nirudi kwenye siku aliyoitwa. Kiarie na wenzake wawili walipewa ploti juu ya kilima, katika zile ambazo mwenyekiti alikuwa amejiwekea. Wengine watatu hawakupewa kitu. Zachariah alifukuzwa kazi, na hakuna mpimaji mwingine mjini aliyethubutu kumchukua. Aliishi kwa kuandika vibao vya maduka na kuchora ng'ombe kwenye milango ya bucha. Hakuchora ramani tena. Ondiek alikuja Jumapili nyingi akimbembeleza, akasema hata joka la meno litatosha. Zachariah alimpa chai, wakazungumzia reli. Mkebe ulikaa juu ya kabati na karatasi zake ishirini, na Mwihaki alipotaka kuweka chumvi ndani yake alimkataza.

Basi siku aliyoitwa, aliitwa ofisi ya tawi la chama. Walikuwa watu watatu nyuma ya meza, mwenyekiti katikati, na picha kubwa ukutani juu yao. Ramani ilikuwa imetandazwa mbele. Katika miaka ile kila jambo lilidhaniwa lina mtu nyuma yake, na aliyekuwa mbele hakuwa na maana kama yule wa nyuma.

"Wewe ni mfanyakazi tu," mwenyekiti akasema. "Hii si akili yako. Nani alikutuma?"

"Mwenye namba thelathini na moja."

Yule wa kushoto akavuta karatasi, akafungua kalamu. "Jina?"

"Wamucii. Mama Macharia."

"Anakaa wapi?"

Zachariah aliwatajia makaburi ya mji, safu ya mwisho, karibu na ua, na kama ilivyokuwa kawaida yake akawaeleza pia njia ya kufika. Yule mtu alikuwa amekwisha kuandika nusu kabla hajaelewa, akasimamisha kalamu.

"Pale pamekauka," Zachariah akasema. "Nilichimba mwenyewe."